Mwasisi Aliyefukuzwa Mara Mbili

Kila mwaka ninapofundisha somo la uongozi na taasisi hupokea insha kadhaa kuhusu Henry Ford. Wanafunzi wanampenda Ford kwa kuwa habari zake zimekwisha kupangwa: mkulima mwenye kipaji cha ufundi, gari moja jeusi, mstari wa kuunganishia magari, mshahara wa dola 5 kwa siku. Hadi leo sijapokea hata insha moja kuhusu William Crapo Durant, ingawa kampuni aliyoiasisi, General Motors, ndiyo iliyokuja kumpiku Ford katika soko lake mwenyewe. Sababu naidhania kuwa ni nyepesi. Hakuna gari linalotembea barabarani leo lenye jina la Durant. Majina yaliyobaki ni ya watu aliowaokota, akawakweza, kisha wakaachana naye, yaani Buick, Chevrolet na Chrysler.

Nimekuwa nikimsoma mtu huyu kwa muda mrefu, na kila nikirejea kwake nakuta ananihusu zaidi kuliko Ford. Ford anatufundisha habari za kiwanda. Durant anatulazimisha kujiuliza swali gumu ambalo katika nchi zetu hatujalijibu: mtu aliyeanzisha jambo kubwa ana haki gani juu ya jambo hilo baada ya kukua likawa riziki ya maelfu?

Alizaliwa Boston tarehe 8 Desemba, 1861. Babu yake mzaa mama, Henry Howland Crapo, alikuwa tajiri wa mbao aliyehamia mji wa Flint na kuwa Gavana wa Michigan kuanzia 1865 hadi 1869. Baba yake alikuwa mtu wa kubahatisha katika hisa na mpenda chupa, na mwishowe aliitelekeza familia. Mama akawachukua watoto na kurudi Flint kwa ndugu zake. Kwa hiyo Billy, kama alivyoitwa na mji mzima hadi uzeeni, alikulia katika nyumba yenye urithi wa aina mbili: babu aliyejenga na baba aliyecheza kamari. Sipendi kueleza maisha ya mtu mzima kwa makosa ya mzazi wake, lakini kwa Durant kishawishi hicho ni kikubwa, nami nakiri hakijaniacha.

Aliacha shule kabla ya kuhitimu, akafanya kazi katika ghala la mbao la babu yake, akauza dawa za kienyeji, sigara na bima. Akiwa kijana wa miaka ya ishirini hivi alikabidhiwa kampuni ya maji ya Flint iliyokuwa ikizama kwa malalamiko ya wateja. Alichokifanya kilikuwa rahisi, nacho ndicho wakuu wengi wa mamlaka za umma hawakifanyi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akabisha hodi, akauliza watu wana shida gani na maji yao, kisha akarudi kurekebisha. Kampuni ikasimama.

Niruhusiwe kutoka nje ya njia kidogo hapa, maana nikifika kwenye maji ya Flint siwezi kupita kimya. Aprili 2014, mji huohuo ukiwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na gavana ili kubana matumizi, ulibadilisha chanzo chake cha maji na kuanza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu katika mabomba. Wakazi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele. Oktoba mwaka huo kiwanda cha injini cha General Motors kiligundua kuwa maji hayo yanakula vyuma vyake, kikaomba kuhamishiwa chanzo kingine, nacho kikaruhusiwa. Watu wa Flint walisubiri mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2015, huku risasi ikiingia katika maji ya kunywa ya watoto wao. Chuma cha injini kilisikilizwa kabla ya binadamu. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wajichagulie wenyewe ni Flint ipi wanayoitumikia, ya kijana aliyebisha hodi au ya ofisi iliyofunga masikio.

Turudi 1886. Siku moja rafiki alimpa Durant lifti katika kigari cha farasi cha magurudumu mawili, chenye springi zilizofungwa kwa namna ambayo abiria hakutikisika. Durant akauliza kinatengenezwa wapi. Akaambiwa Coldwater, Michigan. Akapanda treni, akanunua haki zote za kukitengeneza kwa dola 1,500, fedha ambazo hakuwa nazo na ambazo alikwenda kuzikopa benki baada ya kukubaliana bei. Mshirika wake alikuwa Josiah Dallas Dort, mtu mtulivu, mwangalizi wa mambo. Hawakuwa hata na kiwanda. Durant alichukua kigari kimoja, akakipeleka kwenye maonyesho, akarudi na maagizo ya mamia ya vigari, kisha akatafuta wa kumtengenezea. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kampuni ya Durant-Dort ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi nchini Marekani, na Durant alikuwa milionea.

Utaratibu huo wa kuuza kwanza na kutengeneza baadaye ndio aliofia nao. Mwaka 1904 wenye mji wa Flint walimwita aokoe kampuni nyingine iliyokuwa taabani, ya Mskoti aitwaye David Dunbar Buick. Huyu Buick alikuwa fundi wa mabomba aliyebuni njia ya kugandisha enameli kwenye mabeseni ya chuma ya kuogea, akauza biashara hiyo, akaziteketeza fedha zake katika injini. Injini yenyewe ilikuwa bora. Vali zake zilikaa juu ya silinda na ilikuwa na nguvu kushinda nyingi za ukubwa wake. Durant aliiendesha gari hiyo kwa wiki kadhaa katika barabara mbovu za mashambani kabla ya kukubali. Januari 1905 aliipeleka kwenye maonyesho ya New York, akarudi na maagizo ya magari 1,108. Hadi siku ile Buick walikuwa wametengeneza magari yasiyofika 40.

Mwingine yeyote tungemwita tapeli. Durant aliyatengeneza. Alimshawishi Charles Stewart Mott ahamishe kiwanda chake cha ekseli kutoka Utica, New York, akamleta Mfaransa Albert Champion kutengeneza plagi, akaufanya mji mzima kuwa karakana. Mwaka 1908 Buick ilitengeneza magari 8,820 na kuwapita watengenezaji wote wa Marekani. David Buick mwenyewe aliondoka karibu na wakati huo, hisa zake zikamponyoka, akajaribu mafuta California na ardhi Florida, akafa Detroit mwaka 1929 akiwa mfanyakazi mnyonge wa shule ya ufundi, wakati magari zaidi ya milioni moja yenye jina lake yakipita mitaani.

Tarehe 16 Septemba, 1908, Durant alisajili General Motors katika jimbo la New Jersey kwa mtaji wa dola 2,000. Siku chache baadaye mtaji huo ukatangazwa kuwa dola milioni 12.5. Hapo ndipo penye fumbo lote. Alinunua Buick, Oldsmobile, Oakland na makampuni mengine mengi, yaliyo mazima na yaliyo mabovu, kwa kubadilishana hisa, yaani kwa karatasi ambazo thamani yake ilitegemea imani ya watu kwamba thamani hiyo ipo. Henry Leland wa Cadillac, mzee mgumu aliyekulia katika viwanda vya vipimo vya usahihi, alikataa karatasi na kudai fedha taslimu. Alilipwa zaidi ya dola milioni 4. Ford naye alikubali mwaka 1909 kuuza kampuni yake kwa dola milioni 8, mradi sehemu ilipwe taslimu. Mabenki yalikataa kumkopesha Durant. Laiti yangekubali, wanafunzi wangu wasingekuwa na wa kumwandikia insha.

Kuna ununuzi mmoja unaonyesha udhaifu wake bila huruma. Alitoa hisa nyingi mno kuinunua kampuni ya taa ya Heany, akiamini hataza zake zitampa utawala wa mwanga wa umeme. Hataza hizo zilikuwa za udanganyifu. Hakuna aliyetumwa kuzichunguza ipasavyo, kwa kuwa katika General Motors ya Durant hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia mkubwa asubiri.

Mwaka 1910 mauzo yalishuka, fedha za mishahara zikakosekana, mabenki yakaingia. Yalitoa mkopo wa dola milioni 15, yakakata chao mapema na kumpa kampuni milioni 12.75 tu, yakachukua hisa juu yake, na yakaweka sharti kwamba uendeshaji ukabidhiwe kwa wadhamini kwa miaka mitano. Durant akawekwa kando katika kampuni aliyoizaa, miaka miwili baada ya kuizaa.

Wengi wangekwenda mahakamani au kwenye magazeti. Yeye alikwenda kumtafuta dereva wa mashindano aliyewahi kuendesha kwa niaba ya Buick, Mswisi Louis Chevrolet, na Novemba 1911 wakasajili kampuni kwa jina lake. Chevrolet alitaka gari la fahari. Durant alitaka gari la bei ambayo karani angeweza kuimudu. Walikosana, Chevrolet akaondoka na kuliacha jina. Mwaka 1915 likatoka gari la 490, lililoitwa hivyo kwa sababu bei yake ilikuwa dola 490. Likauzika. Hisa za Chevrolet zikapanda, na Durant akaanza kuwaambia wenye hisa za General Motors: nipeni hisa moja, nitawapa tano za Chevrolet. Polepole mtoto akammeza mama. Tarehe 1 Juni, 1916, miaka mitano na ushei tangu afukuzwe, aliketi tena kwenye kiti cha rais wa General Motors.

Ningependa habari hii iishie hapo, kama wapendavyo wahubiri wa ujasiriamali wanaojaza kumbi zetu za hoteli. Haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonifanya nimrejee.

Katika kipindi chake cha pili Durant alifanya mambo ambayo General Motors iliyatumia kwa miongo mingi: alileta mashirika ya vipuri chini ya paa moja, alinunua sehemu kubwa ya kampuni ya bodi ya Fisher, aliingiza kampuni changa ya majokofu iliyokuja kujulikana kama Frigidaire, na mwaka 1919 ilianzishwa taasisi ya kuwakopesha wanunuzi wa magari. Aliwakusanya pia watu. Charles Nash, aliyeanza kwa Durant akishindilia matakia ya magari ya farasi, alikuwa amekwisha kupanda hadi urais wa General Motors. Walter Chrysler aliongoza Buick kwa malipo ya dola 500,000 kwa mwaka, sehemu kubwa yake kwa hisa. Alfred Sloan aliingia pamoja na kampuni yake ya bearing. Jicho lake kwa watu lilikuwa la ajabu.

Tatizo lilianza baada ya kuwapata. Chrysler alisimulia jinsi alivyokuwa akiitwa kwa haraka New York, kisha akaketi nje ya ofisi ya Durant siku kadhaa bila kuonana naye, kwa kuwa mkubwa alikuwa kwenye simu zake nyingi akizungumza na madalali wa hisa. Wakati mwingine Durant alitangaza kwa watu wa Flint kwamba kitajengwa kiwanda kikubwa cha fremu, ilhali Chrysler, mwenye dhamana ya Buick, hakuulizwa na alikuwa na mpango tofauti. Hatimaye Chrysler alijiuzulu. Mwaka 1925 aliasisi kampuni yake mwenyewe, mshindani wa tatu mkubwa. Nash naye, baada ya Durant kurudi 1916, alikuwa ameondoka na kuanzisha yake.

Sloan alibaki kidogo zaidi. Aliandika mpango wa kuipanga upya kampuni: nani anaamua nini, nani anawajibika kwa nani, hesabu zinasomwaje. Durant aliupokea kwa furaha, akausifu, akauweka. Nimeshuhudia hali hii mara nyingi katika taasisi zetu kiasi kwamba nikiisoma napata kicheko cha uchungu. Ripoti inaandikwa, mkubwa anaipongeza hadharani, picha inapigwa, ripoti inalala kabatini. Mkubwa hana nia mbaya. Hawezi tu kufikiria kwamba kuna uamuzi unaoweza kufanyika vizuri yeye akiwa hayupo.

Mwaka 1920 uchumi ulidorora. Maghala yakajaa magari, matrekta ya Samson ambayo Durant aliyang'ang'ania yakala mamilioni, hisa za General Motors zikaporomoka. Hapa ndipo mtu na kampuni walipochanganyika kabisa. Durant alianza kununua hisa hizo kwa fedha za kukopa ili kuzuia bei isianguke, kwa sehemu akiwatetea marafiki na watu wa Flint walionunua kwa kumwamini. Hakumwambia mtu. Novemba, Pierre du Pont, mwenyekiti wa bodi, aligundua kuwa rais wa kampuni anadaiwa zaidi ya dola milioni 20 binafsi, na kwamba akishindwa kulipa ataangusha madalali na mabenki pamoja naye. Akina du Pont na benki ya J. P. Morgan walikaa usiku kucha, wakalilipa deni, wakachukua sehemu kubwa ya hisa zake. Mwisho wa mwezi huo Durant aliondoka General Motors kwa mara ya pili na ya mwisho. Sloan akawa rais mwaka 1923, akautoa mpango wake kabatini.

Wenzangu wanaofundisha usimamizi wa biashara hufunga kitabu hapo: Durant mbunifu asiyejua kutawala, Sloan mtawala aliyeokoa ubunifu. Hukumu hiyo Sloan mwenyewe aliitoa katika kumbukumbu zake, na sioni kuwa ni ya uongo. Naiona tu kuwa ni ya mshindi. Mfumo wa Sloan uliweza kuhesabu kila kitu isipokuwa uchovu wa mtu aliyesimama kwenye mstari wa kuunganishia. Tarehe 30 Desemba, 1936, wafanyakazi wa viwanda vya bodi vya Fisher mjini Flint walikaa chini ndani ya viwanda na kukataa kutoka. Walikaa siku 44, katika baridi ya Michigan, hadi General Motors ilipokubali kukitambua chama chao tarehe 11 Februari, 1937. Enzi ya Durant mfanyakazi alikuwa chini ya rehema za mtu aliyelijua jina lake na aliyeweza kucheza kamari na kazi yake. Enzi ya Sloan alikuwa namba katika jedwali safi. Haki aliipata alipoacha kuwategemea wote wawili. Wanaharakati wetu wanaobishana kama tunahitaji kiongozi mwenye maono au mfumo imara wangefanya vyema kuutazama mgomo huo.

Marehemu mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la Bedford, na hadi kufa kwake aliamini Bedford ni gari la Mwingereza. Ni kweli liliundwa Uingereza, lakini na kampuni ya Vauxhall ambayo General Motors iliinunua mwaka 1925, miaka mitano baada ya Durant kuondoka. Ndivyo taasisi ilivyo. Malori yalibeba pamba na kahawa katika barabara ambazo Durant hakuziota, na aliyeianzisha alikuwa hana hata hisa moja ya kulilia.

Yeye wakati huo alikuwa akijenga tena. Wiki chache baada ya kufukuzwa alianzisha Durant Motors, akauza hisa kwa watu wa kawaida waliolikumbuka jina lake, akatoa gari dogo la Star kushindana na Ford kwa bei. Lakini moyo wake ulikuwa umehamia Wall Street. Kwa miaka kadhaa alihesabiwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa soko la hisa, na mwaka 1929 lilipoanguka alianguka nalo. Durant Motors ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1930, pamoja na akiba za waliomwamini. Hao hawana wasifu ulioandikwa. Mwaka 1936 aliiambia mahakama kwamba anadaiwa zaidi ya dola 914,000 na kwamba mali yake yote ni ya dola 250, yaani nguo zake.

Alirudi Flint. Mwaka 1940, akikaribia miaka 80, alifungua ukumbi wa boling, mchezo ule wa kuviringisha mpira na kuangusha pini, ukiwa na kibanda cha hambaga, si mbali na viwanda vya Buick. Waliomwona wanasema alikuwa mchangamfu na alizungumza habari za kufungua kumbi nyingine nyingi nchini kote. Mwaka 1942 alipata kiharusi. Sloan na wenzake wachache walimchangia pensheni ndogo, jambo ambalo nalihesabu kwa heshima yao. Alifariki New York tarehe 18 Machi, 1947. Ford alimfuata siku 20 baadaye, na magazeti yakampa Ford nafasi yote.

Detroit lipo jengo kubwa ambalo Durant alianza kulijenga mwaka 1919 liwe makao makuu ya General Motors, kwa mchoro wa Albert Kahn. Lilikusudiwa kuitwa kwa jina lake, na mafundi walikwisha kuchonga herufi D kwenye mawe alipofukuzwa. Jina likabadilishwa, herufi zikaachwa. General Motors ilihama zamani, na sasa jengo linaitwa Cadillac Place. Wanaofanya kazi humo ni watumishi wa serikali ya jimbo la Michigan, wanaopita kila asubuhi chini ya zile D wakiwahi kazini.